Jiwe la Maji na Jiwe la Moto

Hotuba juu ya miamba miwili ambayo watu wa Kenya huijengea nyumba na kuchimba visima ndani yake

Neno jiwe ni moja, lakini vitu viitwavyo kwa jina hilo ni vingi, tena asili zao hazifanani. Mtu wa Mombasa akisema kwamba amejenga nyumba ya mawe, na mtu wa Nairobi akisema vivyo hivyo, wote wawili wasema kweli. Walakini jiwe la yule wa kwanza lilizaliwa baharini, na jiwe la yule wa pili lilitoka katika tumbo la nchi likiwa na moto. Tofauti hii si jambo la kukaririwa na watoto wa shule tu. Ndiyo ijulishayo kama ukuta utadumu au utameng'enyeka, kama kisima kitaingia chumvi, na kama meno ya watoto wa nyumbani yatakuwa meupe au ya rangi ya kahawia. Kwa sababu hiyo yafaa habari za mawe hayo mawili zielezwe kwa urefu kidogo.

Wataalamu wa miamba hugawa mawe yote ya dunia katika jamaa tatu. Jamaa ya kwanza ni mawe ya mashapo, yaani mchanga, tope na mabaki ya viumbe vilivyotulia chini, aghalabu majini, vikalundikana na kugandamizwa hata vikashikamana. Jamaa ya pili ni mawe yaliyokuwa uji wa moto, ukapoa na kuganda. Jamaa ya tatu ni mawe ya zile mbili za kwanza yaliyogeuzwa hali yake kwa joto na uzito mkubwa ndani ya ardhi. Mawe hayo ndiyo ayaonayo msafiri katika milima ya Taita na vilima vya Machakos. Hayo ya tatu yaachwe kwa siku nyingine, kwa kuwa habari zake ni ndefu. Lakini yapasa kujua kwamba mtu apandaye gari moshi Mombasa kwenda Nairobi hupita juu ya jamaa zote tatu kwa safari moja: huanza juu ya matumbawe, hupanda Mazeras juu ya mawe ya mchanga, huvuka nchi ya Voi na Tsavo juu ya mawe yaliyogeuzwa, na afikapo nyika ya Kapiti, kabla ya Athi River, ameingia katika nchi ya moto.

Kwanza jiwe la maji. Kando ya bahari, kutoka mpaka wa Tanzania hadi kupita Malindi, nchi imekalia mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ulijengwa na wanyama wadogo sana wa baharini, ambao huitwaa chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari na kujifanyizia nyumba ngumu. Mmoja hufa, na mwingine hujenga juu ya nyumba yake. Katikati ya nyumba hizo huingia mchanga wa makombe na chaza zilizovunjika, na chokaa yenyewe huvigandisha vyote pamoja kama fundi atiaye udongo kati ya mawe. Sehemu kubwa ya mwamba uonekanao leo ilijengwa yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati barafu za ncha za dunia zilipokuwa zimeyeyuka kuliko sasa, na bahari ilikuwa juu kwa mita kadhaa kuliko ilivyo leo. Baadaye bahari ilishuka, na mwamba ukabaki nchi kavu. Basi mtu atembeaye barabarani katika Kisiwa cha Mombasa anakanyaga sakafu ya bahari ya kale, ijapokuwa viatu vyake ni vikavu.

Nyuma ya matumbawe, mahali nchi inapoanza kuinuka, yako mawe mengine ya maji yaliyo mazee mno. Mawe ya mchanga ya Mazeras na vilima vya Shimba yalikuwa mchanga ulioletwa na mito yapata miaka milioni 200 iliyopita, nayo ndani yake vimeonekana vipande vya magogo ya miti yaliyogeuka kuwa jiwe. Mawe ya Mazeras hupasuka kwa mabamba, kwa sababu mchanga ule ulilala tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana watu huyapenda sana kwa kutandikia sakafu na njia za bustanini. Anayelipasua bamba moja anafungua ukurasa uliofungwa tangu wakati ambapo mtu hakuwako duniani.

Jiwe la moto lina habari nyingine kabisa. Chini ya Bonde la Ufa, nchi imekuwa ikivutwa huku na huku kwa mamilioni ya miaka, ikapasuka, na uji wa moto ukapata njia ya kutokea juu. Lava, maana ndilo jina la uji huo utokapo nje, huwa na joto la nyuzi 1,000 za Sentigredi hivi. Ikitambaa juu ya nchi hupoa upesi, na kwa sababu ya upesi huo chembe zake hazipati nafasi ya kukua. Jiwe huwa la rangi moja ya kijivujivu au nyeusi, gumu, lisilo na tabaka nyembamba wala kombe. Penye hewa nyingi ndani ya uji hubaki vitundu kama vya mkate. Pengine hupoa upesi zaidi, hata ikawa kama chupa nyeusi. Hilo ni jiwe la obsidiani, ambalo watu wa kale walilifanya visu, na bado laokotwa karibu na Naivasha.

Lava ya nyika ya Kapiti ina umri upatao miaka milioni 13. Jina lake kwa wataalamu ni fonolaiti, na maana yake ni jiwe lenye sauti, kwa kuwa bamba lake likigongwa kwa nyundo hulia kama kengele. Lava ya namna hiyo ndiyo iliyofanya pia Uwanda wa Yatta, ule mgongo mrefu ulionyooka ambao msafiri huuona ng'ambo ya mto Athi. Urefu wake ni karibu kilomita 300. Jambo la ajabu ni kwamba mgongo huo hapo zamani ulikuwa bonde. Lava iliteremka kwa kufuata njia ya mto, ikajaza bonde na kuganda. Halafu mvua za mamilioni ya miaka zikala kingo zilizokuwa laini kuliko lava, zikaiacha lava peke yake juu. Palipokuwa chini pamekuwa juu. Wala moto haujazimika kabisa: katika Tsavo Magharibi iko lava nyeusi iliyotoka miaka mia chache tu iliyopita, majani bado hayajaifunika, na watu wakaipa jina la Shetani.

Lakini si kila jiwe la moto lilitambaa. Baadhi ya milima ililipuka, ikatupa juu majivu na vipande vidogo, na majivu hayo yakaanguka juu ya nchi pana. Yalipolundikana yangali na joto, yalishikamana yakawa jiwe jepesi, la kijivu au la manjano kidogo, ambalo laweza kuchongwa kwa tindo. Wataalamu huliita tufu. Hilo ndilo jiwe la kujengea ambalo watu wa Nairobi na Kiambu hulijua sana, na yale ya Ndarugu karibu na Juja ni maarufu miongoni mwake.

Je, mtu asiye na elimu ya miamba atayatambuaje? Atumie macho kwanza. Jiwe likiwa na kombe, tundu za matumbawe, au chembe za mchanga mviringo zilizoshikana, ni la maji. Likiwa halina alama ya kiumbe, nalo lina vitundu vya hewa au chembe zenye ncha kali zilizotawanyika katika weusi, yaelekea ni la moto. Halafu atwae siki au ndimu. Alikwaruze jiwe kwa msumari mpaka utoke unga kidogo, na juu ya unga huo atie matone. Jiwe la matumbawe litatoa vipovu vidogo, maana ukali wa ndimu huifukuza hewa iliyofungwa ndani ya chokaa. Lava ya Nairobi itakaa kimya. Jiwe la mchanga pia hukaa kimya mara nyingi, kwa hiyo jaribio hili laonyesha chokaa tu, wala si jamaa nzima.

Dunia haipendi sana mipaka iliyochorwa na walimu. Ol Doinyo Lengai, mlima wa moto ulio Tanzania upande wa kusini wa ziwa Natron, hutoa lava yenye magadi na chokaa, nyeusi itokapo, ikageuka nyeupe kwa siku chache. Nayo kwa hakika hutoa vipovu ikitiwa siki. Hakuna mlima mwingine wowote duniani ulioonekana ukitoa lava ya namna hiyo. Na huko Kariandusi karibu na Gilgil, katikati ya nchi ya moto, liko jiwe jeupe mno, jepesi kama mkate mkavu, ambalo wageni hulidhani kuwa majivu. Kumbe ni jiwe la maji: ni maganda ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho, iliyoishi katika ziwa la kale ikafa na kushuka chini kwa maelfu ya miaka.

Mahali pengine mawe haya mawili yamesaidiana, na hapo ndipo Kenya imepata sifa katika dunia nzima. Lava aghalabu haiwezi kuhifadhi mifupa, kwa kuwa huiteketeza; tope la ziwa huifunika taratibu na kuiweka. Lakini tope haliwezi kusema lina umri gani, na jivu la volkano laweza. Ndani ya chembe za jivu imo potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka polepole, kwa kipimo kisichobadilika, ikawa hewa iitwayo argoni. Jiwe likiwa uji, argoni yote hutoroka. Likiganda, hesabu huanza upya kama saa iliyotiwa ufunguo. Basi wataalamu wakikuta mfupa katika tope, na juu yake na chini yake yako matabaka ya jivu, wamekwisha pata mipaka ya umri wake. Kwa njia hiyo ulijulikana umri wa kijana ambaye mifupa yake, karibu mwili mzima, iligunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu huko Nariokotome, magharibi ya ziwa Turkana: yapata miaka milioni moja na nusu. Vivyo hivyo Olorgesailie, katika njia ya Magadi, ambako Louis na Mary Leakey walianza kuchimba katika miaka ya 1940. Mashoka ya mkono yaliyojaa mahali pale yalichongwa kwa lava kutoka mlima ulio karibu, yakaachwa kando ya ziwa, na mashapo ya ziwa yakayalaza. Mtu wa kale, bila kusoma kitabu, alijua kwamba jiwe la moto hutoa makali.

Watu wa leo nao huchagua, ila si wote wachaguao vema. Mafundi wa pwani walijua tangu karne nyingi kwamba matumbawe ni ya namna mbili. Yale yachimbwayo nchi kavu, katika timbo, ni magumu na yana mikwaruzo. Hayo ni ya kuta. Yale yaliyokatwa baharini yangali na maji yalikuwa laini, yaweza kuchorwa maua kwa patasi, na yakikauka huwa magumu. Hayo waliyatumia kwa mihrabu, vidaka na miimo ya milango. Mawe yale yale yakichomwa juu ya chungu ya magogo hutoa chokaa, kwa hiyo jiwe, lipu na rangi nyeupe ya nyumba ya Lamu vyote vyatoka katika mwamba mmoja. Ngome ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, imejengwa kwa matumbawe juu ya matumbawe, na handaki lake limekatwa katika mwamba wenyewe. Bado imesimama, ingawa ilizingirwa tangu mwaka 1696 hata mwaka 1698. Leo kukata matumbawe yaliyo hai baharini ni kuharibu mazalio ya samaki, na mjenzi hana haja nayo.

Adui wa jiwe hili ni maji ya mvua, ambayo huiyeyusha chokaa polepole. Mapango ya Shimoni yalifanyika hivyo. Katika ukuta wa nyumba kazi hiyo ni ya karne nyingi, na ukuta uliopakwa chokaa vizuri kila baada ya muda haudhuriki. Hatari iliyo karibu zaidi ni mchanga. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi hula chuma kilichomo ndani ya zege. Mtu achukuaye mchanga wa bure pwani kwa kujengea nguzo atakuja kulipa baadaye, wakati chuma kitakapofura kwa kutu na kuipasua nguzo.

Huko Nairobi mambo ni mengine. Fonolaiti ngumu hupondwa ikawa kokoto za zege na barabara. Ni nzuri sana kwa kazi hiyo, lakini fundi hatamani kuichonga. Kuta hujengwa kwa tufu, na tufu si zote sawa, maana majivu mengine yalishikana barabara na mengine yalishikana nusunusu. Katika lori moja huweza kuwamo mawe ya namna zote mbili, na mnunuzi asiyeyatazama hulipia yote bei moja. Yafaa agonge jiwe kwa nyundo: lililo zuri hutoa sauti kavu, na bovu hutoa sauti ya bubu, kama mtu apigaye boga. Kisha atie machache ndani ya pipa la maji usiku kucha. Asubuhi lile ambalo kona zake zinamung'unyika kwa vidole lisipandishwe ukutani. Tena tufu hunywa maji kama sifongo, kwa hiyo ukuta wake usianzie ardhini bila kuwekewa kizuizi cha unyevu juu ya msingi. Na katika nyanda za kusini na mashariki ya mji, lava ilipooza kwa miaka mingi ikawa udongo mweusi, ufurao wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi uliowekwa juu ya udongo huo hupandishwa na kushushwa kila mwaka mpaka kuta zipasuke. Sharti udongo uondolewe, ufikiwe mwamba au ardhi imara.

Kuna mfuko mmoja ambamo mawe yote mawili hukutana, nao ni mfuko wa saruji. Huko Bamburi, tangu mwaka 1954, matumbawe husagwa na kuchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Saruji nyingi ziuzwazo Kenya kwa ajili ya nyumba za kawaida huchanganywa pia na majivu ya volkano yaliyosagwa, maana majivu hayo, yakikutana na chokaa na maji, hushikamana na kuwa magumu.

Yaliyosemwa juu ya kuta ni ya kupoteza fedha tu. Juu ya maji ni habari ya uhai.

Mwamba wa matumbawe umejaa nyufa na tundu. Mvua ikinyesha, maji hayapiti juu kwa mito, bali huzama mara moja, na chini hukutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka ufuoni. Maji matamu ni mepesi, hivyo huelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kisima cha pwani ni mkono uliotiwa katika tabaka hilo jembamba. Kikitekwa kwa ndoo, tabaka hupata nafasi ya kujirudisha. Kikitiwa pampu kubwa ikavuta mchana na usiku, maji ya chumvi hupanda kutoka chini, na yakiisha kupanda hayashuki upesi. Magofu ya Gedi, kusini ya Malindi, ni mji uliokuwa na misikiti, nyumba nzuri na visima vilivyokatwa ndani ya matumbawe, nao ulihamwa mapema katika karne ya 17. Vita na kuingiliwa na maadui vimetajwa kuwa sababu. Lakini kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu chaonyesha kwamba kiliongezwa kina, na kushuka kwa maji kumehesabiwa na wachimbuzi kuwa mojawapo ya sababu hizo.

Ubaya wa pili wa nyufa hizo ni kwamba zinapitisha kila kitu. Udongo mzito huyachuja maji machafu kidogo kidogo. Matumbawe huyapitisha kama mfereji. Choo cha shimo kikichimbwa katika mwamba huo, uchafu wake waweza kufika kisimani kabla vijidudu havijafa, na umbali wa mita 30, ambao huhesabiwa kuwa wa kutosha katika udongo wa kawaida, huenda usitoshe. Maji ya kisima cha namna hiyo huonekana safi kabisa, hayana harufu, tena ni baridi. Kipindupindu hakina rangi.

Kwa kuwa visima vya kisiwani havikuweza kuunywesha mji unaokua, Mombasa ililetewa maji ya mawe mengine. Mapema katika karne ya 20 ililetewa maji ya chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba, ambako jiwe la mchanga huishika mvua kati ya chembe zake na kuiachia taratibu. Mji ukazidi kukua, na katika miaka ya 1950 bomba likalazwa kutoka Mzima, katika Tsavo Magharibi. Maji ya Mzima ni mvua ya milima ya Chyulu. Milima hiyo ni chungu za lava na makaa ya volkano, na ijapokuwa mvua hunyesha huko vizuri, hakuna mto hata mmoja juu yake, kwa sababu maji yote huzama. Chini hukutana na mwamba wa kale usiopenyeka, husafiri juu yake makumi ya kilomita gizani, na mahali lava inapokoma, hububujika katika nchi kavu, safi kama kioo, lita zaidi ya milioni 200 kila siku. Sehemu yake hutiwa bombani, na sehemu kubwa huendelea kwa viboko na samaki. Hivyo mtu wa Mombasa aliyezaliwa juu ya jiwe la maji huishi kwa kunywa maji ya jiwe la moto.

Isidhaniwe, basi, kwamba maji yote ya lava ni mema kama ya Mzima. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa na kandokando yake, hasa Nakuru, Naivasha na baadhi ya nchi ya Kajiado, mawe ya moto yana floraidi nyingi, na maji yakaayo ndani yake muda mrefu huiyeyusha na kuichukua. Floraidi kidogo huimarisha meno. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja. Ikizidi, meno ya mtoto yangali yakifanyika ndani ya ufizi hupata madoa ya kahawia yasiyosugulika kwa mswaki wala mkaa, na ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa hata mtu hawezi kuinama. Wazee wa sehemu hizo huyajua meno hayo, na wengine hudhani ni alama ya ukoo. Si ya ukoo, ni ya kisima. Mara nyingi kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine na kwa gharama kubwa huwa na floraidi nyingi kuliko kijito cha mlimani, kwa kuwa maji yake yamekaa na jiwe muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo tofauti ya mawe mawili huwa kubwa kuliko yote. Mama wa Kilifi aogopaye maji ya kisima cha matumbawe huyachemsha, au huyatia dawa ya klorini, na kwa kufanya hivyo amewaua wadudu. Mama wa Nakuru akifanya vivyo hivyo kwa ajili ya meno ya mwanawe, hakufanya kitu, tena ameongeza ubaya: kuchemsha hakuiondoi floraidi, na maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, floraidi ile ile hubaki katika maji machache zaidi. Kwake yeye kichungi kifaacho ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambao hushika floraidi, na vichungi vya namna hiyo vimetumika katika sehemu za Nakuru kwa miaka mingi. Lakini mkaa huo huchoka, na sharti ubadilishwe. Mvua iangukayo juu ya bati haijagusa jiwe lolote. Mwenye tangi dogo na awawekee kwanza watoto walio chini ya miaka 8 maji hayo ya kunywa na ya kupikia uji, na ya kisima yatumike kwa kufulia na kwa mifugo. Na kabla ya kijiji kuchanga fedha za kuchimba kisima katika nchi ya lava, maji ya visima vya jirani yatiwe katika chupa safi na kupelekwa kupimwa floraidi. Na katika nchi ya matumbawe, yapimwe chumvi na uchafu.